Alama za Historia Zilikwenda Wapi?

Nikiwa kidato cha nne, mwalimu wa darasa alikuwa na daftari la alama za mtihani wa utamilifu: wanafunzi 46, masomo saba. Kesho yake wazazi wangekuja. Nilijitolea kuandika programu ya JavaScript ya kujumlisha, na niseme ukweli, nilitaka kuonekana.

Kila mwanafunzi nilimfanya objekti yenye sifa zilizopewa majina ya masomo: alama.hisabati, alama.kiswahili, na kadhalika. Kuandika masomo yote saba moja moja kulinichosha. Nikaweka majina hayo katika orodha, na kitanzi kikawa kinachukua jina moja baada ya jingine na kulitia katika kigeu kiitwacho somo. Ndani yake nikaandika:

jumla = jumla + alama.somo;

Skrini ikajaa NaN, yaani "si namba", kwa wote 46.

Nukta haiulizi kigeu kina nini ndani yake. Hulichukua neno linaloifuata kama lilivyo. Basi JavaScript ilitafuta sifa inayoitwa "somo", ikaikosa, ikarudisha undefined. Na namba ukiijumlisha na undefined unapata NaN. Mabano ya mraba hukokotoa kwanza kilichomo ndani, kisha jibu ndilo huwa jina la sifa. Kitanzi kikiwa kwenye hisabati, alama[somo] ni sawa na alama["hisabati"]. Angalia alama za kunukuu: alama["somo"] ingenirudisha kwenye kosa lilelile. Jina lenye nafasi, kama "elimu ya dini", nalo linataka mabano, nukta hailiwezi.

Mimi sikufika huko moja kwa moja. Kwa haraka niliandika (alama.somo || 0), maana yake thamani ikikosekana weka sifuri. NaN zikatoweka, jumla zote zikawa 0. Ndipo nikabadili nukta kuwa mabano, namba zikatokea, nikachapisha, nikalala. Ile sifuri niliisahau humo ndani.

Mwalimu alisoma nafasi mbele ya wazazi. Rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja, alisomwa chini kabisa ya nafasi aliyoitarajia. Mama yake alimtazama bila kusema neno.

Jioni tulijumlisha kwa kalamu nyuma ya daftari lake. Zilipungua alama 87 kamili, nazo ndizo alizopata Historia. Kwenye orodha niliandika "Historia", kwenye objekti "historia". JavaScript hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo alama["Historia"] ilirudisha undefined, na sifuri yangu ikaifunika. Bila hiyo sifuri ningeona NaN usiku uleule. Darasa zima lilipoteza Historia, ila aliyeumia zaidi ni yule aliyeiweza zaidi.

Nilisahihisha herufi, nikaondoa "|| 0", nikampelekea mwalimu orodha mpya na kumweleza kosa ni langu. Aliibandika ukutani siku hiyohiyo, lakini wazazi walikwisha kupanda mabasi. Rafiki yangu aliomba nakala moja, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni ampelekee mama yake.