Hati Tulipata, Malisho Tukayapigania

Mimi ni mjane wa Kimaasai, mwenyeji wa Kitengela, na watoto wangu wote wamesoma kwa mali ya ng'ombe. Natoa ushuhuda huu kwa sababu kusini mwa Kajiado, upande wa Loitokitok, ranchi za kikundi zinakatwa vipande siku hizi, na watu wanapokea hati zao kwa vigelegele. Nasi tulipiga vigelegele. Wenzetu wa huko wanastahili kujua yaliyotukuta baadaye, na namna tulivyopona.

Wazee wetu walihamishwa kwa karatasi. Mapatano na Waingereza ya 1904 yaliwatoa Bonde la Ufa, na ya 1911 yakawatoa Laikipia. Ndiyo maana sheria ya ranchi za kikundi ilipokuja mwaka 1968, ardhi ikaandikwa kwa jina la jamii, wengi waliona kwamba safari hii karatasi iko upande wetu. Halafu vijana wakakua, wakaogopa kubaki bila chochote, na viongozi wa ranchi wakaanza kushukiwa. Mwaka 1988 Ranchi ya Kitengela, yenye zaidi ya hekta 18,000, ikagawanywa kwa wanachama 214. Karibu wote walikuwa wanaume. Marehemu mume wangu alikuwa mmoja wao, akapata zaidi ya ekari mia mbili. Mimi niliyekamua ng'ombe na kujenga nyumba kwa mikono yangu sikuandikwa popote, wala hakuna aliyeona ajabu.

Watu wa nje husema Mmaasai wa Kitengela aliuza ardhi kwa sababu ya pombe. Nakataa. Walevi walikuwepo, kama walivyo kila mahali, lakini si wao waliomaliza nyika hii. Ekari mia mbili zinasikika nyingi kwa mtu wa Kiambu anayelima chai. Kwetu mvua hunyesha hapa ikaacha pale, na ng'ombe huishi kwa kuifuata. Ardhi ilipokuwa moja, mwaka ambao majani yamekosekana Empakasi tungehamia Isinya au mbele zaidi, bila kumwomba mtu ruhusa. Hata nyumbu tuliwakwepa: wanapozaa, mwanzoni mwa mwaka, ng'ombe anayelishwa pale walipo ndama wao hupata ugonjwa usio na dawa, basi wazee waliondoa mifugo mapema na kuirudisha baadaye. Ukishafungiwa ndani ya mipaka yako, huwezi kuifuata mvua wala kumkwepa nyumbu. Ng'ombe wanakonda, karo inadaiwa, na mgonjwa yuko hospitalini.

Wakati huohuo viwanda vya kuuza bidhaa nje vilikuwa vimefunguliwa Athi River mapema miaka ya 1990, maelfu ya wafanyakazi wakawa wanatafuta mahali pa kulala. Dalali akaja na pesa mkononi. Mume wangu aliuza kipande cha kwanza kulipa deni la hospitali, cha pili kwa karo, cha tatu kununua ng'ombe wa kufidia waliokufa. Sheria inataka bodi ya ardhi itoe idhini kabla shamba halijauzwa, na familia isikilizwe. Sikuwahi kuitwa. Nilikuja kujua kwamba tumeuza siku nilipoona watu wanachimba mashimo ya nguzo kwenye malisho ya ndama.

Msaada wa kwanza ulitoka mahali ambapo hatukutarajia. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini. Mto ndio mpaka, na wanyama huvuka kuja kwetu. Mwaka 2000, chama cha Marafiki wa Mbuga ya Nairobi kilianza kuwakodishia wanyama ardhi yetu: dola 4 kwa ekari kwa mwaka, kwa sharti kwamba hutaweka ua, hutauza, hutamdhuru mnyama. Malipo yaligawanywa mara tatu, shule zinapofunguliwa. Mtu wa mjini anaweza kuziona pesa hizo ndogo. Sisi zilitulipia karo, na karo ikishalipwa dalali anakosa mlango wa kuingilia. Nyumba nyingi hapa zimebaki na ardhi kwa sababu ya pesa zile, nami nawashukuru waliozitafuta.

Kisha ukaja ukame wa 2009. Sitaki kuueleza sana. Ng'ombe walikufa wamesimama foleni ya maji, na harufu ilikaa kijijini wiki nyingi. Mume wangu aliugua baada ya hapo, hakuamka tena.

Matanga hayajaisha, shemeji zangu walikuja na maneno matamu. "Mama, wewe tulia, ardhi ya ndugu yetu tutaiangalia sisi." Nao walikuwa na kitu cha kuegemea. Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika mwaka 1981, wilaya kadhaa za wafugaji, Kajiado ikiwemo, ziliondolewa: mashamba na mifugo ya marehemu asiyeacha wosia yaliachiwa mila. Na mila, kama walivyoisoma wao, haikumpa mjane kitu. Lakini Katiba ya 2010 ilikuwa imeshapitishwa, na ibara ya 60 inasema ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi uondolewe. Binti yangu alinisomea maneno hayo jioni moja, nikamwomba ayarudie.

Nawaeleza njia yenyewe, kwa sababu wanawake wengi huiogopa bila kuijua. Unaanza kwa chifu, anakuandikia barua inayotaja warithi wote, wake na watoto, wa kike na wa kiume. Unafungua faili ya mirathi mahakamani. Ombi lako linatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi anapewa siku 30. Unapewa usimamizi wa mali, na baada ya miezi sita mahakama inauthibitisha na kugawa. Kwangu pingamizi lilikuja, faili ikachelewa, nikauza mbuzi kulipa wakili. Mzee mmoja wa rika la mume wangu alisimama mbele ya hakimu akasema mila ya Kimaasai haijapata kumfukuza mama kwenye boma lake. Mungu ambariki mzee yule. Leo hati iliyobaki ina jina langu pamoja na majina ya watoto.

Hati hiyo isingenilisha peke yake. Kilichonilisha ni makubaliano na majirani. Tulikaa chini ya mti, wenye hati za ukoo huu na ule, tukaamua sehemu ipi italishwa wakati wa mvua na ipi itapumzishwa hadi kiangazi, kana kwamba mipaka haipo. Kila boma likatenga olopololi, yaani malisho ya akiba ya ndama. Mimi nilipanda nyasi za Boma Rhodes kwenye udongo wetu mweusi. Tunazikata zikiiva na kuzifunga marobota. Nilipunguza ng'ombe, nikabaki na Sahiwal wachache wenye maziwa, nayo maziwa yanauzwa mjini Kitengela, kwa walewale waliojenga tulipouza. Simba hatujawasahau. Mwaka 2012 wanakijiji wenye hasira waliua sita, baada ya mifugo yao kuliwa. Lakini kijana wa hapahapa, Richard Turere, alikuwa ameshabuni taa zinazowakawaka kuzunguka zizi na kumfukuza simba, na taa za aina hiyo zinawaka hata kwangu.

Ukame ulioishia mwanzoni mwa 2023 ulinikuta nimeuza madume mapema na ghala lina nyasi. Nilipoteza ng'ombe, lakini sikuuza hata robo ekari.

Nawafikiria pia ndugu zetu Waogiek wa msitu wa Mau. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliwapa haki mwaka 2017, na mwaka 2022 ikaamuru serikali iwape ardhi yao kwa hati ya jamii. Hata baada ya hapo, mwishoni mwa 2023, familia zao zilibomolewa nyumba msituni. Wanastahili kupewa ardhi hiyo, na naomba waipokee ikiwa nzima.

Na ninyi wa Loitokitok, kabla mpima ardhi hajasimika jiwe la kwanza, andikeni makubaliano ya malisho na njia za maji, yatiwe sahihi na kila boma. Akina mama, nendeni kwenye mikutano hiyo hata kama hamkualikwa. Ulizeni jina lenu litaandikwa wapi, na msiondoke mpaka mjibiwe.