Betri ya Palma na Mpangilio wa Kiwandani

Nikiyakumbuka maisha ya kompyuta mpakato huku Palma, mkoani Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, naona betri imeshika kazi tatu tofauti. Enzi za jenereta ilikuwa ya kuvushia mashine tu: jenereta ikizimwa, unahifadhi ulichoandika na kufunga. Ulipofika umeme wa gridi, ule unaotoka Cahora Bassa mkoani Tete na kupita Nampula kabla ya kupanda kaskazini, betri ikawa ya kuziba pengo la saa chache umeme ukikatika. Kisha vita vya waasi vikaugeuza mpango wote. Mwaka 2020 kituo cha umeme cha Awasse, wilayani Mocímboa da Praia, kilishambuliwa, na wilaya za kaskazini zikabaki gizani. Tarehe 24 Machi 2021 Palma yenyewe ikavamiwa, simu zikakatika, watu wakakimbilia Afungi, Pemba na ng'ambo ya mto Ruvuma. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi. Tangu hapo, kwa mwalimu au karani wa huku, chaji iliyomo ndani ya betri imekuwa ndiyo siku yake ya kazi.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo watengenezaji walikuwa wakielekea upande mwingine. Windows XP ya mwaka 2001 ilikupa orodha ya mipango kadhaa ya umeme, na kila mmoja uliweza kuurekebisha. Vista, mwaka 2007, ikaweka mbele mitatu: wa wastani, wa kubana na wa nguvu kamili. Windows 10 ya mwaka 2015 ikaja na njia ya kubana inayojiwasha yenyewe chaji ikishuka hadi asilimia 20. Amri ya kuzima mashine huku kazi ikihifadhiwa kwenye diski, ambayo hailambi chaji hata ikikaa siku nzima, ikaondolewa kwenye orodha ya kawaida. Ukiitaka sharti uirudishe mwenyewe. Hoja yangu basi ni hii: kadiri mashine zilivyojifunza kujipangia, ndivyo mtu wa Palma alivyozidi kuhitaji kuzipanga kwa mkono wake, kwa sababu mpangilio wa kiwandani umetungwa kwa ajili ya mtu ambaye soketi yenye umeme haiko mbali naye.

Hesabu yenyewe si ngumu. Betri ya kawaida hubeba kama wati-saa 50. Mashine inayotumia wati 25, kioo kikiwaka kwa mwanga wote na programu zikifanya kazi kichinichini, itazimika baada ya saa mbili. Ukipunguza mwanga wa kioo, ukafunga Wi-Fi usiyoitumia na kuiwekea prosesa kikomo, matumizi yakashuka hadi wati 10, utapata saa tano kwa betri ileile. Kungoja asilimia 20 ndipo ubane ni kama kuanza kupima unga gunia likiwa limekaribia kwisha: kilichobaki ni wati-saa 10 tu.

Wapo watakaosema sola imelimaliza tatizo. Sola imesaidia sana, lakini haijafuta hesabu. Umeme wa paneli huingia kwenye betri ya nyumbani, inveta huupandisha hadi volti 220, kisha chaja ya kompyuta huushusha tena, na kila hatua hula sehemu yake. Wakati wa masika, wingu likitanda, paneli hutoa kidogo, na hicho kidogo kinagombewa na taa na simu za nyumba nzima. Kila wati isiyotumiwa na kompyuta ni wati ambayo paneli haikulazimika kuitafuta.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kubana umeme huifanya mashine iwe nzito. Ni kweli kwa anayehariri video. Lakini kuandika barua, kujaza orodha ya wagonjwa au kutunga mtihani hakuhitaji nguvu kamili ya prosesa. Muda mwingi mashine inamngoja mwandishi. Tena, prosesa iliyobanwa hutoa joto dogo, na betri za lithiamu huzeeka upesi zikikaa kwenye joto, hasa zikiwa zimejaa pomoni. Katika pwani yenye joto kama hii, ambako betri mpya halisi ni kazi kuipata, kubana leo ni kuirefushia betri miaka yake.

Kwa hiyo usiuachie mpangilio wa kiwandani ukuamulie. Weka njia ya kubana iwake tangu asilimia mia, irudishe amri ya kuzima kwa kuhifadhi kazi kwenye diski, na kama mashine yako inaruhusu, iwekee ukomo wa kuchaji asilimia 80 siku ambazo umeme haukatiki. Ni kazi ya dakika chache, haina gharama, na haihitaji fundi.