Watoto Wenye Akili Wanaonyamaza Shuleni



Nataka kunena nanyi, wazazi na waalimu, habari ya watoto walio wengi katika vijiji vyetu vya Meru. Ni wale waliojaliwa akili nyingi tangu udogo wao, lakini wakifika sekondari hurudi nyuma hata wahesabiwe pamoja na wajinga. Watu husema upesi, "Amekuwa mvivu," ama, "Ameharibiwa na rafiki wabaya." Pengine ni kweli. Lakini mimi nawafundisha watoto hao hao mafundisho ya kipaimara kila Jumamosi, nami naona neno jingine.

Watoto wetu wa shule za serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, na Kiingereza kwao ni somo moja tu. Kisha wakiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliandika kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kuyabeba masomo yao. Sera ya Elimu ya mwaka 1995 ilikiacha Kiingereza pale pale. Ile ya mwaka 2014 ikakifungulia Kiswahili njia, walakini watoto wangu wangali wakifanya mitihani kwa Kiingereza. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Je, nusu ya watoto wa nchi ni wavivu?

Tena naona kwamba mwenye akili nyingi huumia kuliko mwenzake. Mtoto wa akili ya kadiri amezoea kukariri, naye huendelea kukariri. Lakini yule aliyezoea kuelewa, akiona hakuelewa, huona haya, akanyamaza. Musa naye aliogopa kwa sababu ya ulimi wake mzito, na Mungu hakumwita mjinga, bali alimpa Haruni amsemee.

Yuko msichana mmoja, jina lake silitaji. Tulipokuwa tukisoma habari za Ayubu aliniuliza kama wale watoto waliozaliwa baadaye waliweza kweli kumfariji baba yao juu ya wale waliokufa. Nilikaa kimya kitambo. Basi mwaka huo huo baba yake aliniletea karatasi ya matokeo ya kidato cha kwanza: binti yu karibu na mwisho, na chini imeandikwa kwamba hana juhudi. Akasema, "Mwalimu, mama yake mdogo aliye Arusha mjini ataka msichana wa kazi. Naona aende."

Nikasema, "Baba, nipe siku chache."

Nikamwita binti na madaftari yake. Katika daftari la biolojia alikuwa amenakili kurasa nyingi kwa mwandiko mzuri. Nikamwuliza maana ya fungu moja, asijue hata kidogo. Nikamweleza kwa Kiswahili jinsi majani yanavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Akanikatiza, "Mbona basi kahawa yetu hupandwa chini ya kivuli cha migomba, nayo huzaa?" Nikamwita baba yake aje asikie swali lile. Alilisikiliza, akaniuliza mimi jibu, nami nikamwambia amwulize mwalimu wa biolojia. Alikwenda kweli, na mwalimu yule, mtu mwema mwenye wanafunzi wengi mno, akakubali binti amwulize kwa Kiswahili baada ya masomo. Habari ya kazi ya mjini imeahirishwa hata mwisho wa mwaka. Mbele ya hapo sijui.

Liko na jambo la meno, ambalo wageni hawalifikiri. Maji ya chemchemi nyingi za upande wetu, kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki, yana floridi nyingi itokayo katika mawe ya volkano. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja, na hapa pengine huzidi mara nyingi. Meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia. Mtoto wa namna hii akisimamishwa darasani hufunika kinywa kwa mkono, akajibu kwa sauti isiyosikika, na mwalimu mgeni hudhani hajui. Mwalimu, mwite kando umwulize.

Na wavulana? Tangu tanzanaiti ilipoonekana Mirerani mwaka 1967, machimbo yamewavuta wengi. Namjua mmoja aliyekuwa wa kwanza katika hesabu darasa la saba. Yuko huko shimoni, naye huwapigia wenzake hesabu za mgawo kichwani. Huko hakuna amwulizaye kwa Kiingereza.

Kwa hiyo, wazee wa kanisa wameturuhusu kukitumia chumba cha mafundisho kila Jumamosi, kipaimara kikiisha, saa nane hata saa kumi. Watoto wa kidato cha kwanza na waje na madaftari yao. Waalimu wawili wamekubali kusaidia hesabu. Wa biolojia na fizikia twamtafuta bado. Kamusi tunayo moja tu, nayo imechanika herufi ya S. Mwenye kamusi iliyolala kabatini, na ailete.