Viraka vya Dakika Kumi

Jijini Kampala kitambaa hakitupwi kwa urahisi. Fundi akishakata gomesi au shati la kitenge, vipande vinavyobaki sakafuni, ambavyo kwa Kiganda tunaviita ebiwero, hufagiliwa na kutiwa guniani. Vingine hujaza mito, vingine hufutia mafuta ya cherehani, na vingine huwashia sigiri siku ya mvua. Mimi huviomba kabla havijafika huko. Ninashona mablanketi ya viraka: juu ni vipande vilivyounganishwa, katikati ni blanketi kuukuu, chini ni bitana ya shuka, na mishono hupita katika tabaka zote tatu ili zisiachane. Kamusi zetu zinalo neno mfarishi kwa tandiko la namna hii, lakini sijawahi kumsikia mtu wa Kawempe akilitamka. Kwa hiyo hapa nitasema blanketi la viraka.

Wenzangu darasani huniuliza swali moja: muda unaupata wapi? Swali ni la haki. Niko mwaka wa tatu Makerere, nina tasnifu ya kuandika, na nyumbani tuko sita katika vyumba viwili na veranda: Mama, Jajja, mimi, wadogo zangu wawili wa kike na mmoja wa kiume. Jibu langu ni kwamba muda siupati. Nimejifunza kuikata kazi mpaka iwe ndogo kuliko shughuli zinazoikatiza.

Nianze na cherehani. Tunayo moja, ya mguu, na Mama ndiye mwenyewe. Ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, karo za wadogo zangu na nauli yangu ya kwenda Wandegeya. Sheria ya nyumba, ambayo haijawahi kutamkwa na haijawahi kuvunjwa, ni kwamba kazi ya mteja hutangulia. Mimi hukalia kiti kile Mama anapokunywa chai, anapompima mteja, au anapokwenda Kiyembe kununua vitambaa. Mara nyingi ni dakika kumi. Nikirudi jioni, matooke hayajamenywa, jerikeni mbili hazina maji, mdogo wa mwisho amekwama kwenye hesabu za kugawanya, na Jajja lazima akumbushwe dawa yake ya presha. Siku ikiisha namna hiyo, mtu anayesubiri saa tatu tupu za kushona atasubiri mpaka wadogo zake waoe na kuolewa.

Basi niliacha kupanga kazi kwa saa. Mwezi wa Desemba, nilipoanza blanketi la mdogo wangu wa kiume, nilikata kila kipande mraba wa inchi 4 na nusu. Vipande vinne vikiunganishwa hutoa mraba mkubwa wa inchi 8, ambao mimi nauita kigae. Kigae kina mishono mitatu tu: miwili mifupi na mmoja mrefu wa kuunganisha. Blanketi la kitanda cha bweni linahitaji vigae 63, yaani 7 kwa upana na 9 kwa urefu. Hivyo ni vipande 252. Kigae kimoja hunichukua dakika 10, kwa hiyo vigae vyote ni dakika 630, yaani saa 10 na nusu. Mtu mwenye chumba chake na mlango wa kufunga angevimaliza kwa siku mbili. Mimi vilinichukua kutoka wiki ya kwanza ya Desemba hadi katikati ya Januari.

Siri yenyewe iko kwenye kopo la biskuti. Usiku, wengine wakiwa wamelala, nilipanga rangi na kubana vipande vinne vinne kwa pini, kisha nikavitia koponi. Mchana, nafasi ilipopatikana, sikuhitaji kufikiri. Nilichukua fungu moja, nikalishona, nikalirudisha. Nikiitwa katikati, mshono ulijua mahali pa kusimama. Hata pasi haikuwa na siku yake. Jumapili tuliwasha pasi ya mkaa kwa ajili ya nguo za wiki nzima, na vigae vilinyooshwa mwisho, kabla mkaa haujapoa.

Kwa wanaotaka kujaribu, nina mawili ya kuongeza. Kitenge kipya kioshwe kabla ya kukatwa, hasa chekundu na cha buluu iliyokolea, maana hutoa rangi na huweza kurudi kidogo. Pili, kitambaa kizito kisishonwe bega kwa bega na kitambaa chepesi sana, kwa kuwa chepesi kitararuka kwanza. Ebiwero ni vya bure, lakini si vyote vinavyofaa kukaa pamoja.

Januari ndiyo ilinibana. Kwa fundi wa Kampala, Januari ni mavuno. Wazazi huja na vitambaa vya sare, kila mmoja anataka zake zitoke kabla ya muhula kufunguliwa, na Mama hushona mpaka usiku. Chai aliinywea palepale kwenye cherehani. Dakika zangu kumi zikatoweka. Wakati huohuo matokeo ya PLE yakatoka, mdogo wangu akawa amefaulu, na shule ya bweni ikatuletea orodha yake: godoro, shuka mbili, chandarua, beseni, ndoo, jerikeni, ufagio, rimu ya karatasi, na blanketi moja. Upande wa juu ulikuwa tayari. Kilichobaki ni kuunganisha tabaka tatu, kazi ambayo mafundi wengi hawaipendi hata wakiwa na nafasi.

Nililitandaza juu ya mkeka ili nianze. Mdogo wangu akalitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Dada, nikienda na hilo wataniita mtoto wa fundi.”

Mama alikuwa hatua mbili kutoka pale. Mguu wake haukusimama kwenye pedali. Ni mimi niliyeacha kupumua.

Jajja ndiye aliyejibu. Yeye amekulia Buganda, ambako magome ya mti wa mutuba hupondwa kwa nyundo za mbao mpaka yawe nguo ya lubugo. Ustadi huo UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa binadamu. Gome likitoboka, tundu hukatwa vizuri na kushonewa kiraka. “Nguo ya lubugo ina viraka,” Jajja alisema, “na ndiyo tunayowazikia wakubwa wetu. Kiraka hakijawahi kumpunguzia mtu heshima.” Maneno yalikuwa mazuri, lakini hayakumfaa mvulana wa miaka kumi na mitatu. Yeye hakuwa anawaza mazishi ya wakubwa. Alikuwa anawaza usiku wake wa kwanza katika bweni lililojaa wavulana asiowajua.

Kesho yake Mama alizungumza, bila hasira. Alisema blanketi la dukani linaweza kupatikana, ila fedha zake zitatoka kwenye fungu la godoro, na godoro litakuwa jembamba. Achague mwenyewe. Mdogo wangu akasema atafikiri.

Nami nilifikiri. Nilikuwa na vigae 63 mkononi na ningeweza kusema mengi kuhusu kazi niliyofanya, na kuhusu neno lile lililompata Mama masikioni. Lakini blanketi si insha. Insha humtafuta msomaji yeyote, ilhali blanketi lina mtu mmoja wa kulilalia. Akilikunja na kulificha chini ya godoro, basi hata lingekuwa na mishono iliyonyooka kuliko yote, halijawa blanketi. Nikamwuliza, badala ya kumwambia: ungetaka liweje?

Alikuwa na majibu, tena ya kueleweka. Shuka ya maua niliyokuwa nimeiandaa kuwa bitana hakuitaka. Alitaka rangi moja, buluu iliyokolea, isiyoonyesha uchafu. Tukaenda pamoja Owino, kwenye vibanda vya mivumba, akachagua shuka mwenyewe na kuipatania bei mwenyewe. Blanketi likawa na nyuso mbili, na yeye ndiye mwenye haki ya kuamua upi utazame juu. Shuka ya maua niliiweka kando. Blanketi kuukuu la Mama ndilo lililoingia katikati. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nami naweza kushuhudia kwamba blanketi lililochakaa bado lina joto likifichwa kati ya vitambaa viwili.

Ikabaki kushona bila cherehani. Hapo nilisaidiwa na jambo nililokuwa nimelisoma maktabani kuhusu Wasiddi wa jimbo la Karnataka, nchini India. Hao ni wazao wa Waafrika, wengi wao waliotokana na watu waliopelekwa huko kutoka pwani ya mashariki ya bara letu wakati wa biashara ya watumwa, kupitia Goa iliyokuwa chini ya Wareno. Wanawake wao hushona mablanketi yanayoitwa kawandi, kwa vipande vya nguo zilizochakaa. Hawaanzi na vigae kama mimi, wala hawahitaji cherehani. Huanza ukingoni, huweka kiraka juu ya bitana na kukishona palepale kwa mishono ya mkono, kisha huzunguka na kuzunguka mpaka wafike katikati. Kwenye pembe huongeza viraka vidogo viitwavyo phula, yaani maua.

Upande wangu wa juu ulikuwa umekwisha kuunganishwa, kwa hiyo sikuweza kuwafuata kwa kila kitu. Nilichochukua ni mwendo wao. Nilipiga bandi tabaka tatu zisihame, kisha nikaanza ukingoni kwa sindano ya mkono, nikienda ndani. Faida yake niliiona siku ya kwanza. Blanketi linalokaa mapajani halihitaji meza, wala umeme, wala zamu ya cherehani. Tena lina pande nne, na kila upande una nafasi ya mtu. Jajja alishika upande wake akiwa na subana kidoleni, mimi wangu, na wadogo zangu wa kike, ambao macho yao bado ni makali, wakatutungia sindano. Aliyekuwa anasubiri maharage yaive alishona mistari miwili. Aliyeitwa na mteja mlangoni aliacha sindano imechomekwa, na mwingine akaendelea kutoka palepale. Mishono ya Jajja ni mifupi, yangu ni mirefu, na mtu akitazama kwa karibu ataona ni nani aliyekuwa jikoni saa hiyo.

Nimesoma mahali pengi kwamba kazi za mikono zinahitaji utulivu. Labda. Kwetu utulivu haukupatikana, na kazi ikafanyika. Familia ilikuwa inanikatiza kwa sababu nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye kiti ambacho wote walikihitaji. Kazi ilipohamia kwenye mkeka, waliokuwa wakinikatiza wakawa wanashona. Sisemi kwamba kila jambo linaweza kuhamishiwa mkekani. Tasnifu yangu, kwa mfano, Jajja hawezi kunishikia upande. Lakini hata hiyo sasa ninaiandika kwa mafungu: jioni napanga hoja tatu kwenye karatasi, na asubuhi ndani ya teksi, kwenye foleni ya Bwaise, ninaandika moja.

Wiki ya mwisho mdogo wangu alikaa mkekani bila kuitwa. Vitu vyote vya bweni hutiwa alama visipotee, na yeye akataka kutia yake mwenyewe. Nilimpa pembe moja, nikamweleza habari za phula. Alikata kipande kidogo cha kitambaa cha sare kilichoanguka chini ya cherehani, akakishona pembeni, na juu yake akashona herufi mbili za jina lake kwa uzi mweupe. Herufi ya pili imeinama. Mama alisimamisha pedali, akalichukua blanketi, akakagua pembe ile kama anavyokagua kazi ya mwanafunzi wake wa ufundi, akamrudishia. “Mtoto wa fundi huyu,” alisema, na mdogo wangu akacheka kabla hajajua kama anaruhusiwa kucheka.

Alilichukua. Siku ya kuondoka alilikunja upande wa buluu ukiwa nje, akalifunga pamoja na godoro, ambalo ni nene, na likapanda boda boda hadi kituoni. Mimi nikarudi kwenye kopo. Sasa ninashona la Jajja, na shuka ile ya maua imepata kazi. Nimefikisha vigae 11. Mitihani iko karibu, kwa hiyo pengine vitakuwa 15 mwisho wa muhula, na Jajja amesema hana haraka ila nisimcheleweshee mpaka msimu wa mvua mwingine.

Siku ya kuwatembelea wanafunzi tulikwenda na chapati na karanga. Wageni hawaruhusiwi kuingia mabwenini, kwa hiyo sikuliona blanketi, na sikumwuliza ni upande gani unaotazama juu. Hilo ni lake. Tulipokuwa tunaagana alinivuta kando, akaniuliza kama nina sindano na uzi wa buluu. Mshono mmoja wa ukingoni ulikuwa umefunguka. Nikamwambia alilete tukija tena, nitautengeneza. Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono, akasema nimpe tu uzi.