Msuka: Mwaka 816 Ukutani na Miaka Isiyoandikwa Ardhini

Msuka iko kaskazini kabisa ya kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Micheweni. Ukishapita Konde, nchi kavu huanza kukuishia: upande wa magharibi uko msitu wa Ngezi na rasi ya Kigomasha yenye mnara wake wa taa, na mbele yako ni bahari. Mgeni aulizaye njia ya Msuka Mjini asitaraji kuukuta mji. Atakuta magofu ya msikiti wa kale, kuta za mawe na chokaa zilizopungua kimo, na katika mihrabu yake ataoneshwa mwaka uliochorwa: 816 Hijria. Kwa hesabu ya Miladia mwaka huo uliangukia baina ya 1413 na 1414.

Wengi wetu tukifika pale huomba dua, hupiga picha, kisha huondoka. Mimi nilikaa zaidi. Sababu ya kwanza ni kazi niliyotumwa, ambayo nitaieleza mbele. Ya pili ni kwamba mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na katibu huthamini tarehe. Muhtasari wa kikao usio na tarehe hauna nguvu mbele ya wajumbe. Yule aliyeuchora mwaka ule katika mihrabu ametuachia jambo adimu, kwani karibu kila kitu kingine kilicholala katika ardhi ya Msuka hakina mwaka. Hata hivyo kimepangwa, na mpangilio wake unasomeka.

Kinachosomwa ni mashapo, yaani mchanga, udongo na tope vilivyoletwa na maji au upepo vikatuama, tabaka juu ya tabaka. Kanuni yake ya kwanza mtoto wa madrasa anaweza kuithibitisha nyumbani. Atie udongo wa shambani katika chupa ya maji, aitikise, kisha aiache juu ya meza hadi kesho. Mchanga mzito utatangulia kuzama, udongo laini utafuata, na vipande vya majani vitaelea. Lililotua mwanzo ndilo lililo chini. Basi mtu achimbapo kwenda chini huwa anarudi nyuma katika zama, isipokuwa pale ambapo mizizi, majembe au kaa wamevuruga mambo. Kaa wa pwani ni wavurugaji wakubwa wa historia.

Wala fikra hii si ngeni katika turathi zetu. Al-Biruni, katika kitabu chake juu ya Bara Hindi alichokiandika mnamo mwaka 1030, alieleza kwamba karibu na milima mawe ya mito ni makubwa, kadiri mto unavyoteremka huwa madogo, na karibu na bahari hubaki mchanga mtupu. Kutokana na hayo akahitimisha kwamba tambarare ile iliwahi kuwa bahari, ikajazwa kidogo kidogo na mashapo ya mito. Hakuwa na chombo chochote cha kupimia umri wa udongo. Alikuwa na macho na subira.

Wataalamu wa leo wana vyombo, na pwani yetu imewafaa. Chukua mfano wa mikoko. Kila mti wake hutoa chavua, lile vumbi la maua, ambayo ganda lake huweza kudumu ndani ya tope kwa maelfu ya miaka, na chini ya hadubini kila aina hutambulika kwa umbo lake. Mikoko nayo ina safu zake, kama wavuvi wajuavyo: mlilana husimama mbele ukikabiliana na mawimbi, mkoko wenyewe hufuata, na mkandaa hukaa nyuma ambako maji hufika kwa nadra. Basi ukitoa mche mrefu wa tope na kukuta chavua ya mkandaa chini na ya mlilana juu yake, umeiona bahari ikipanda. Kwa njia hii Paramita Punwong na wenzake walisoma tope la ghuba ya Makoba kule Unguja, wakachapisha matokeo mwaka 2013: historia ya maelfu ya miaka ya bahari kusogea na kurudi nyuma, na mikoko kuifuata.

Umri wa tabaka hujulikana kwa kaboni. Kila kilichokuwa hai, jani, mfupa au punje, hubeba kaboni ya aina ya 14, na nusu ya kaboni hiyo hutoweka katika kila muda wa miaka takriban 5,730. Kipimo hicho ni cha kutegemewa, lakini hakitoi mwaka mmoja. Hutoa kipindi, pengine cha miongo kadhaa. Hapo ndipo thamani ya 816 inapodhihiri. Kilichofunikwa na sakafu ya msikiti ule kilikuwapo kabla ya sakafu, na kilicholala juu ya kifusi cha paa kilikuja baada ya paa kuanguka. Tarehe moja iliyoandikwa kwa mkono wa mtu hushikilia matabaka mengi yasiyo na maandishi, maadamu matabaka hayo yangali mahali pake.

Rudi nyuma zaidi, na hata umbo la nchi hubadilika. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120 kuliko leo. Mkondo baina ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, kwa hiyo Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbuaji walikuta ndani ya matabaka ya kale mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hakuna Muunguja wa leo aliyewahi kuwakuta kondeni kwake. Pemba haikuungana na bara wakati huo, kwa sababu mkondo wake una kina kinachofikia mita 800 hivi. Upweke huo wa kale unaonekana mpaka leo katika msitu wa Ngezi, hatua chache tu kutoka Msuka: mpapindi, mnazi-pori wa Pemba, una jamaa zake wengi zaidi huko Bukini.

Lakini mimi hunivuta zaidi yale yaliyo karibu na sufuria zetu. Si mbali na Msuka, upande wa Tumbe, wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba miji miwili iliyofuatana. Tumbe ilikaliwa tangu karne ya 7 hadi ya 10. Chwaka, ambako ndiko kwenye magofu yaitwayo ya Haruni, tangu karne ya 11 hadi ya 16. Mwenzao Sarah Walshaw alichukua udongo wa majiko na majaa ya miji hiyo akautia katika maji. Mchanga ukazama, na punje zilizoungua mamia ya miaka iliyopita zikaelea, zikachotwa, zikakaushwa na kutambuliwa moja moja. Tumbe walikula zaidi mawele. Chwaka walikula zaidi mpunga.

Mtu aliyesikia habari za mabadiliko ya tabianchi atafanya haraka kusema: bila shaka mvua iliongezeka, watu wakaacha nafaka ya ukame wakalima mabondeni. Nami nilidhani hoja hiyo inatosha mpaka niliposoma habari za ziwa Naivasha, nchini Kenya. Kule, Dirk Verschuren na wenzake walitoa tope la chini ya ziwa lenye kumbukumbu za miaka 1,100, wakasoma ndani yake masalia ya mwani mdogo wa majini na ya wadudu wadogo wa jamii ya usubi ili kujua ni lini ziwa lilijaa na lini lilipungua na kuwa na chumvi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2000, yanasema kwamba tangu takriban mwaka 1000 hadi 1270 nchi ilikuwa kavu kuliko leo. Kisha zikaja karne za mvua, zilizokatwa na vipindi vitatu vya ukame mkali kuliko wowote wa karne ya 20: 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Wakavilinganisha vipindi hivyo na masimulizi ya wazee juu ya njaa na kuhama kwa makabila, na mambo yakaafikiana vizuri.

Tazama sasa. Mpunga ulishika nafasi Pemba wakati ule ule ambao bara lilikuwa katika ukame. Ni kweli kwamba Naivasha iko mbali na mvua zake si za kisiwani, na kisiwa chenye mabonde kama chetu hupata masika yake kutoka baharini. Hata hivyo hoja ya mvua peke yake haisimami. Walshaw mwenyewe ameuhusisha mpunga na kukua kwa miji na kuenea kwa Uislamu: chakula cha wageni, cha karamu, cha heshima. Kwa maneno mengine, ardhi inaonesha kwamba watu wa Pemba walichagua. Anayesoma mashapo ili apate jibu moja kwa kila kitu atadanganyika, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la maana zaidi wanalotufunza.

Tena uangalie tarehe ya mihrabu. Mwaka 816 uko ndani ya kile kipindi cha kwanza cha ukame wa Naivasha. Huku maziwa ya bara yakipungua, watu wa Msuka walikuwa wanachoma chokaa na kusimamisha nyumba ya ibada.

Sasa kazi niliyotumwa. Kamati yetu inajenga darasa la tatu la madrasa. Fedha zimetosha mabati na saruji, mchanga umebaki. Alijitokeza muuzaji aliyeahidi kutuletea mchanga kwa bei nafuu mno, wa kuchimbwa nyuma ya ufukwe upande huo wa Msuka, na wajumbe wakaniagiza nikautazame kabla ya kutia saini. Nilikuta shimo limekwisha kuanzwa. Ukuta wake ulikuwa na mistari: juu udongo mweusi wenye vigae, chini yake mchanga mweupe, kisha ukanda mwembamba uliojaa vipande vya makombe, kisha mchanga tena. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akipita alisimama nami. "Maalim," akaniambia, "mchanga huu ndio mlango wetu. Mkiuondoa, msije mkatuuliza bahari imepita wapi."

Kauli yake ina ushahidi ng'ambo ya mkondo wa Pemba. Huko Pangani, ambako watu waliokuwa wakichimba walikuwa wamekuta mifupa ya wanadamu, Vittorio Maselli na wenzake, wakiwamo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichunguza tabaka la mchanga lililolala katikati ya udongo wa nchi kavu. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya viumbe vya baharini pamoja na mifupa hiyo. Mwaka 2020 walitangaza rai yao kwamba ni athari ya tsunami iliyopiga kijiji miaka 1,000 hivi iliyopita, pengine iliyotokea upande wa Sumatra kama ile ya Disemba 2004, ambayo nayo ilifika pwani ya Tanzania na kuua watu. Kabla ya ugunduzi huo hapakuwa na kitabu wala simulizi iliyotutahadharisha kwamba jambo la namna ile limewahi kufika kwetu. Palikuwa na mstari wa mchanga tu. Tufani ya Aprili 1872, iliyong'oa mikarafuu ya Unguja na kuipita Pemba kwa salama, tunaijua kwa sababu iliandikwa. Ya kabla yake yanasubiri mtu mwenye mche wa tope na hadubini.

Ule ukanda wa makombe niliouona unaweza kuwa wa dhoruba, au jaa la watu waliokula chaza, au mstari wa ufukwe wa zamani. Kwa jicho haupambanuki. Hupambanuliwa kwa vipimo, na vipimo havifanyiki juu ya mchanga uliokwisha kupakiwa garini na kuchanganywa na saruji. Tena kuna madhara ya sasa, yasiyohitaji hadubini: sehemu kadhaa za Pemba maji ya chumvi yameingia katika mabonde ya mpunga, na wenye mabonde hayo wanajua thamani ya kilima cha mchanga na ya safu ya mikoko kuliko mtaalamu yeyote.

Katika ripoti yangu nimeandika kwamba mchanga ununuliwe mahali palipoidhinishwa na serikali, kwa risiti, ingawa gharama yake itazidi kiasi tulichonacho, na kwamba darasa lisubiri mpaka baada ya mavuno ya karafuu wafadhili wetu watakapokuwa na nafasi. Nimeomba pia kamati iwaandikie wanaosimamia mambo ya kale juu ya shimo lile. Najua kinachopimwa upande wa pili: watoto thelathini wanasoma barazani, na masika yakianza baraza hulowa. Wajumbe wawili wamekwisha kuniambia kwamba watapinga, na mmoja wao ana watoto watatu katika hao thelathini. Kikao ni Alhamisi, baada ya sala ya Isha.