Ndururu ndani ya kioo: Meza mpya za Meru na Embu

Ukitaja Meru watu hukumbuka miraa, na ukitaja Embu watu hukumbuka kahawa na chai. Lakini hebu siku moja ishike barabara itokayo Embu, upite Runyenjes na Chuka, hadi mjini Meru. Karibu kila kituo cha biashara utawakuta mafundi seremala, na nje ya karakana zao vitanda, kabati na meza zimepangwa zikingoja wenyewe.

Mimi nilikuwa na haja ya meza ya sebuleni. Nilizitamani zile za mtindo mpya, ambazo uso wake hung'aa mithili ya maji yaliyotulia, na ndani yake huonekana vipande vya shaba, vya alumini, au hata sarafu za kale. Swali langu lilikuwa moja tu: Je, meza ya namna hii yafaa nyumba yenye watoto?

Kovu la sufuria

Jibu la kwanza nililipata Embu, mji ulio yapata kilomita 120 kutoka Nairobi. Mama aliyenikaribisha kwake, ng'ambo kidogo ya Mto Rupingazi, alikuwa nayo meza kama hiyo. Alikuwa ameifunika kwa kitambaa cha kufuma.

"Karibu chai, dada," alisema, "lakini kikombe usikiweke hapo pasipo kitambaa."

Alipokifunua, niliona alama nyeupe ya mviringo, na katikati uso wa meza umebonyea. Jioni moja mgeni alitua hapo sufuria ya githeri iliyotoka jikoni. "Nilidhani ni kioo," akasema mama huyo kwa huzuni. "Kumbe ni kitu kinachoogopa moto. Na ile pesa ingeninunulia ndama."

Ama kwa hakika si kioo. Ni resini, gundi nzito inayopatikana kwa kuchanganya vimiminika viwili: resini yenyewe na kile ambacho mafundi hukiita hadina. Vikikutana, hushikana na kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka tena. Hata hivyo, resini nyingi za kawaida huanza kulegea joto lifikapo kati ya nyuzi 50 na 60. Maji yanayochemka katika miinuko hii yana nyuzi zipatazo 95. Sasa waona kwa nini sufuria ilishinda. Na pale palipo na chuma au shaba chini ya resini, joto husambaa upesi zaidi.

Mikono ya fundi

Kutoka Embu gari hupanda na kushuka mabonde, mito ikifuatana kutoka Mlima Kenya. Ukilipita Daraja la Nithi na kufika Nkubu, hewa huwa baridi na mashamba ya chai yanakuzunguka. Mipakani mwa mashamba imesimama miti ya grevilia, ambayo asili yake ni Australia. Mti wa kwao hasa ni muuru, ambao wauza mbao huuita Meru Oak, na ambao asili yake ni miteremko hii ya Mlima Kenya.

Katika karakana moja ya mjini Meru nilimkuta kijana akipiga msasa ubao wa muuru. Juu ya benchi palikuwa na meza iliyonifanya nisimame. Katika ufa wa ubao alikuwa amezipanga ndururu za mkoloni, zile zenye tundu katikati, kisha akazifunika kwa resini. Ndururu hizo, zilizotumika kabla Kenya haijatoa sarafu zake mwaka 1966, zilikuwa nyekundu kana kwamba zimetoka kiwandani juzi.

"Nazisugua kwanza, kisha nazifungia," alieleza. "Hewa na unyevu visipozifikia, haziwi nyeusi wala hazioti ukungu wa kijani."

Nilipotaka kumpa mkono aliurudisha nyuma. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepasuka na kuwa na vipele. Miaka miwili alikuwa amemwaga resini kwa mikono mitupu. Sasa mwili wake umeikataa. Hata tone dogo likimgusa, anawashwa hadi kwenye kope. Siku hizi ndugu yake mdogo ndiye humwaga, akiwa amevaa glavu, mlango na madirisha yakiwa wazi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Resini ikishakauka barabara, haimdhuru anayeegemea meza. Hatari yake kubwa ipo ingali majimaji, na tena wakati wa kupiga msasa, vumbi linapoingia mapafuni. Mwili ukishaikataa, aghalabu huikataa maisha yote. Kwa hiyo uzuri tunaouweka sebuleni fundi anaweza kuulipia kwa ngozi yake.

Kabla hujalipa

Kuna hatari nyingine, nayo ni haraka. Resini huweza kuwa ngumu kwa kidole baada ya siku moja, lakini kukomaa kabisa huchukua takriban juma moja penye joto la kutosha. Katika baridi na manyunyu ya Julai huku Meru, huchelewa zaidi, na huweza kutoa utando mweupe wa kunata. Katika joto la nyanda za chini za Embu huwahi, na ikimwagwa nene kwa mara moja huchemka yenyewe na kupasuka. Ubao mbichi nao hutoa unyevu unaoleta mapovu na ukungu.

Kwa hiyo, mama na baba, mwulize fundi meza ilimwagwa lini. Inuse: ikiwa ingali na harufu kali, au inanata, iache. Pitisha kiganja pembeni uone kama kuna ncha ya chuma iliyochomoza, kwani mtoto anayeota meno huuma kila kitu. Uliza pia ni madini gani yaliyomo. Shaba na alumini hazina neno, lakini risasi ya betri kuukuu ikatae, kwani Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama mwilini. Nyumbani, tia chakula sahanini, usikatie nyama mezani, na uiepushe meza na jua la dirishani, maana huigeuza manjano.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa meza ya yule kijana, hata hicho kipande cha mti kilikuwa kizuri. Nilitoa pesa nikitaka kuibeba siku hiyo hiyo.

"La, dada," akasema, "tuliimwaga juzi. Rudi baada ya wiki mbili."

Nilimwachia arubuni, na jozi mbili za glavu kutoka duka lililokuwa ng'ambo ya barabara.