Demio mbili na barabara ya Dimani

Shemeji yangu alikuwa ameshachagua gari kabla hatujatoka Mbagala. Kwenye foleni ya Kongowe aliniomba nifungue simu yake nitazame picha. Ya kwanza ilikuwa Mazda Demio ya dizeli, XD Touring, nyekundu, rimu za inchi 16, viti vyenye mistari myekundu. Ya pili ni XD ya kawaida, nyeupe, rimu za inchi 15. "Hiyo imekaa kama gari ya ofisi," alisema, nikajua nimeitwa kwenye safari hii ili nimuunge mkono mbele ya dada.

Hata gari tulilopanda lilikuwa sehemu ya hoja yake. Ilikuwa Touring ya rafiki yake, ameiazima kwa wikiendi.

Dada ni mwalimu wa shule ya msingi Dimani, wilayani Kibiti. Ana watoto wawili na ni mjamzito wa miezi saba. Mumewe anafanya kazi Dar es Salaam na hurudi nyumbani Ijumaa kwa basi, kisha bodaboda. Mtoto wao wa pili alikuja usiku wa masika, na dada alipelekwa hospitali akiwa amekaa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, akitokwa damu. Alipona. Lakini kila nikiandika habari za uzazi na kufika pale wataalamu wanapotaja ucheleweshaji wa aina tatu, yaani kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika na kuchelewa kuhudumiwa, mimi huiona ile bodaboda. Kwa hiyo gari hili si la kutambia.

Kwenye lami shemeji alikuwa na haki ya kufurahi. Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, gari linavuta bila kulalamika na mshale wa mafuta haushuki. Kutoka Dar hadi Kibiti ni kama kilomita 140, na safari ya namna hiyo ndiyo dizeli inayoipenda. Ila nilimkumbusha kwamba injini ni ileile. Toleo hili lilitoka Japani mwaka 2014, na XD zote mbili zina cc 1,498 na nguvu za farasi 105. Anayelipia Touring analipia rimu, viti, taa na mapambo, na kwa kuwa ushuru huangalia pia thamani ya gari, mapambo hayo anayalipia mara mbili.

"Na taa je?" aliuliza. Hapo alinishika. Taa za LED za ile Touring ni nzuri kweli, na kwa mtu atakayeendesha usiku vijijini si anasa.

Tulipoiacha lami mambo yakabadilika. Mchanga kwanza, mikorosho pande zote, halafu matope yaliyokauka yakaacha mifereji ya matairi ya malori. Demio hizi, Touring au isiyo Touring, ziko juu ya ardhi kama sentimita 14 tu. Bampa la mbele liligusa mara tatu, na kila mara shemeji alikunja uso kama amekanyagwa yeye. Mara ya nne haikuwa bampa. Kisiki kilichojificha kwenye nyasi kilichana tairi ubavuni.

Tukafungua buti kutafuta spea. Hakuna. Kulikuwa na kichupa cha gundi na pampu ndogo, kama yanavyotoka kiwandani magari mengi ya siku hizi. Gundi ile inaziba tundu la msumari, haizibi mchano wa ubavuni.

Tulikaa chini ya mkorosho zaidi ya saa mbili. Kijana wa bodaboda alipakia tairi akaenda nalo Kibiti, akapiga simu kutoka kwa fundi: tairi za 185/65 za inchi 15 zipo, hata za mtumba, lakini 185/60 za inchi 16 mpaka Dar. Tulipiga hesabu kwenye vumbi kwa kijiti. Ubavu wa tairi ya inchi 15 ni milimita 120, wa inchi 16 ni 111. Tofauti haifiki hata sentimita moja. Shemeji akagundua kwamba tairi ya Touring ikisimama ni ndefu zaidi kwa milimita saba hivi, maana yake gari linainuka milimita tatu na nusu. Alishangilia. Tairi likarudi na kiraka kwa ndani na tyubu.

Dada hakutupokea kwa maneno mengi. Alilizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akaingia na tumbo lake, akawaita watoto wakae kushoto na kulia. Magoti yalibana. Nilimwonyesha namna ya kufunga mkanda: wa chini upite chini ya tumbo juu ya nyonga, wa juu upite katikati ya matiti na pembeni ya tumbo. Aliuliza spea iko wapi. Kisha akauliza swali ambalo sisi wawili, kwa kilomita zote zile, hatukuwa tumeliuliza.

"Jumatatu hadi Ijumaa gari litakuwa wapi?"

Likiwa Mbagala na mume, uchungu ukianza Jumatano halimsaidii. Likibaki Dimani naye, litakuwa linakwenda shule, zahanati na dukani, na safari fupi ndizo zinazoiua dizeli hii. Ndani ya ekzosi kuna chujio la masizi, ambalo hujisafisha kwa kuyachoma likipata joto la safari ndefu. Lisipolipata linaziba, na suluhisho la mtaani ni fundi kulitoboa. Mzazi mwenzangu, usikubali. Mwaka 2012 wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, na wa kwanza kuuvuta ni mtoto anayecheza nyuma ya gari lako uani.

"Namba ya m-mama ninayo, 115," dada alisema. "Hiyo hailali Mbagala."

Waliongea usiku ule, mimi nikajifanya nimelala na watoto. Asubuhi ilikuwa imeamuliwa: inunuliwe XD ya kawaida, iwe ya safari za Ijumaa na Jumapili, na fedha itakayobaki ikanunue spea kamili na kulipia chumba Kibiti mjini, karibu na hospitali, ambako dada atahamia wiki ya 36 na mama yetu. Taa shemeji atajinunulia mwenyewe baadaye, akitaka.

Tulirudi polepole, kilomita 40 kwa saa, kwa heshima ya tyubu. Shemeji hakusema neno hadi Mkuranga. Hapo akaniomba nifungue tena ile picha ya gari jeupe.

"Itazame vizuri ndani," alisema. "Hakuna hata kamstari kamoja kekundu?"